Kalibresheni ya monita: nikishika nukta nyeupe mwangaza unaponyoka, nikishika mwangaza nukta inahama

Kivuli_na_Nuru ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kuhusu kupatanisha mwangaza na nukta nyeupe, yaani rangi kamili ya weupe wa skrini.

Vifaa: monita ya IPS (aina ya paneli ya LCD) ya inchi 24, taa ya nyuma ni LED nyeupe ya kawaida, upana wa rangi ni sRGB, ule wa kawaida. Kolorimita (kifaa cha kupima rangi ya skrini) ni i1Display Pro, programu ni DisplayCAL ikiendeshwa na ArgyllCMS, kompyuta ni ya Windows 11. Kazi ni picha za kuchapwa: zipo zinazopelekwa maabara na zipo zinazotoka kwenye printa ya wino iliyo pembeni ya meza. Juu ya meza kuna tyubu moja ya futi nne.

Monita ikiwa kwenye mpangilio wa kiwandani, mwangaza 100 na RGB 100/100/100, kipimo kinasoma hivi: nyeupe niti 260 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), Kelvini kama 7000 (namba ikipanda, weupe unaelekea bluu), nyeusi niti 0.26. Kontrasti, yaani nyeupe ikigawanywa kwa nyeusi, 1000:1.

Lengo nililoweka ni D50 (weupe wa kama Kelvini 5000), niti 120, gama 2.2 (mkunjo unaogeuza namba za picha kuwa mwanga), kwa kuwa viwango vya uchapaji vinataja D50. Nikiacha RGB zote 100 na kuiachia programu irekebishe yenyewe, kontrasti inashuka hadi 815:1 hivi, na mteremko wa kijivu kutoka nyeusi kwenda nyeupe unaonyesha ngazi ngazi. Nikishusha RGB kwa mkono kwenye menyu ya monita, ngazi zinapungua ila mwangaza unaporomoka. Nikiupandisha, nukta nyeupe imeshahama. Nikiirudisha nukta, mwangaza nao umehama. Mzunguko hauishi.

Zaidi ya hapo, skrini ikiwa D50 inaonekana ya manjano ukishika karatasi tupu kando yake, na picha zikichapwa bado zinatoka na giza kuliko ninavyoziona hapa.

Maswali: kipi kinatangulia, mwangaza au nukta nyeupe? Kontrasti kushuka hadi 815:1 ni hasara ya kuhangaikia? Na je, D50 au D65 (weupe wa kama Kelvini 6500)?

---

FundiMonita amejibu:

Mkuu, mzunguko huo unakatika ukishajua kila kitufe kinashika nini ndani ya monita.

Kitufe cha mwangaza kinagusa taa ya nyuma peke yake. Ukikishusha, nyeupe na nyeusi zinashuka pamoja kwa uwiano uleule, kontrasti inabaki 1000:1, na rangi ya nyeupe inatikisika kidogo sana. Vitufe vya RGB, yaani geini, havigusi taa. Vinabana mwanga kwenye paneli: nyeupe inashuka, lakini nyeusi inabaki palepale kwa sababu nyeusi ya LCD ni mwanga unaovuja hata paneli ikiwa imefungwa kabisa. Kwa hiyo kila unapoivuta nukta nyeupe mbali na weupe wa asili wa paneli, unalipa kwa kontrasti. Malipo hayo hayakwepeki, iwe umeyafanya kwenye menyu au kwenye programu. Zinazoyakwepa ni zile monita chache ambazo taa yao ya nyuma ni LED za rangi tatu zinazorekebishwa kila moja kivyake.

Tuweke hesabu kwenye monita yako. Kutoka 7000 kwenda D50, nyekundu inabaki yote, kijani inatakiwa ibaki kama asilimia 79 ya mwanga wake, na bluu asilimia 55. Ukijumlisha, nyeupe inabaki asilimia 82: niti 260 zinakuwa 212, nyeusi bado ni 0.26, na kontrasti ni 817:1. Hiyo ndiyo 815 yako. Kifaa hakina kosa, wala wewe. Kwenda D65 ni safari fupi zaidi: kijani asilimia 96, bluu asilimia 89, nyeupe inabaki niti 250 na kontrasti 960:1.

Sasa zile ngazi. Ukiiachia programu kazi yote, inaifanya kwa kuandika jedwali kwenye kadi ya picha. Kama njia kati ya kadi na monita ni ya biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi, bluu inayotakiwa kuwa na asilimia 55 ya mwanga kwenye gama 2.2 inaishia thamani ya 194 badala ya 255, na kijani inaishia 230. Ngazi zote 256 za picha zinabanwa ndani ya nafasi 195 za bluu. Lazima baadhi zigongane, tena zinagongana mahali tofauti kwa kila rangi. Ndiyo maana unaona michirizi ya kijani na waridi kwenye kijivu, si ngazi tu. Geini za monita hufanya hesabu hiyohiyo ndani ya chipu ya monita, na kwenye monita nyingi chipu hiyo ina biti zaidi ya 8, hivyo uharibifu ni mdogo. Kwa sababu hiyo kazi kubwa ifanywe kwenye menyu, na jedwali la kadi lisafishe mabaki tu.

Utaratibu ninaoupendekeza:

Washa monita nusu saa kabla ya kupima. Irudishe kiwandani, kisha chagua hali ya rangi inayokuruhusu kugusa RGB, kwa kawaida inaitwa ya mtumiaji. Hali ya sRGB kwenye monita nyingi hufunga mwangaza na geini, kwa hiyo haikufai hapa. Zima kontrasti badilifu, hali ya kuokoa umeme, kihisi cha mwanga wa chumba, kipunguza bluu, na upande wa Windows zima mwanga wa usiku na HDR. Kimoja tu kati ya hivyo kikiwa hai, unapima kitu kinachobadilika huku unakipima.

Kitufe cha kontrasti kiache kwenye namba ya kiwandani. Ukikipandisha, thamani za juu kama 250 hadi 254 zinamezwa na 255, na mawingu au shela nyeupe ya bibi harusi inapoteza mikunjo yote. Angalia pia kiwango cha kiwandani cha geini: kwako ni 100, lakini zipo monita zinazoanzia 50 kwenye mizani ya 100. Kwenye hizo usivuke 50, kwa sababu juu ya hapo rangi inajaa na kukatika kama ilivyo kwa kontrasti.

Shusha mwangaza hadi karibu na unakokwenda, tuseme niti 150, kabla hujagusa RGB. Weupe wa LED unaweza kusogea kidogo kadiri umeme wake unavyopungua, na hakuna faida ya kusawazisha rangi kwenye niti 260 ambazo hutazitumia.

Kisha geini. Rangi iliyo dhaifu kuliko zote iache juu kabisa. Kwako ni nyekundu. Shusha bluu kwanza, halafu kijani. Usishushe zote tatu: kushusha zote ni kupunguza mwangaza kwa njia inayokula kontrasti. Na usishangae bluu ikifika 76 badala ya 55. Namba ya kwenye menyu kwa kawaida hufanya kazi kwenye ishara kabla ya gama, na 0.76 ikipandishwa kwa 2.2 inatoa asilimia 55 ya mwanga.

Nukta ikishakaa, rudi kwenye mwangaza ufikie niti zako. Pima tena nukta, sogeza geini hatua moja kama imehama, pima mwangaza tena. Raundi mbili kwa kawaida zinatosha, kwa sababu kila raundi masahihisho yanakuwa madogo. Ukiona hayapungui, kuna kitu badilifu hujakizima.

Jua pia wapi pa kuacha. Hatua moja ya bluu kwenye menyu inasogeza x kama 0.001 na y kama 0.002 (x na y ni namba mbili zinazotaja rangi ya nyeupe kwa usahihi). Ukiwa ndani ya 0.002 ya lengo, umefika mwisho wa uwezo wa kitufe. Mabaki iachie programu. Mwangaza ukiwa ndani ya niti 2 au 3, acha.

Kwa anayetumia ArgyllCMS moja kwa moja, amri ni hii, kwa mfano wa D65 na niti 110:

`dispcal -v -d1 -yl -qm -w0.3127,0.3290 -b110 -g2.2 -k0 -X paneli.ccss monita1`

Hiyo `paneli.ccss` ni faili la marekebisho ya kolorimita kwa aina ya paneli. Kwenye menyu ya amri hiyo, namba 2 ni nukta nyeupe: inakuonyesha alama za kuongeza na kupunguza kwa R, G na B. Namba 3 ni mwangaza. Namba 5 inakagua vyote, na 7 inaendelea na kalibresheni. Hiyo `-k0` inaizuia programu isijaribu kuirekebisha rangi ya nyeusi. Kwenye LCD kuirekebisha maana yake ni kuipandisha nyeusi, na utakuwa umepoteza kontrasti mara ya pili.

---

KaratasiMat amejibu:

FundiMonita amemaliza upande wa vitufe. Mimi naona tatizo kubwa liko kwenye malengo: niti 120 na D50 zimechaguliwa bila kuitazama ile tyubu ya juu ya meza.

Karatasi haina mwanga wake. Weupe wake ni mwanga wa chumba unaoakisiwa kuja machoni, na skrini inatakiwa ifanane na huo. Niti za karatasi zinapatikana kwa kuzidisha laksi, yaani kipimo cha mwanga unaoiangukia, kwa kiasi inachoakisi, kisha kugawa kwa 3.14. Karatasi nzuri ya picha inaakisi kama asilimia 88. Kwenye laksi 300 ni niti 84. Kwenye 400 ni 112. Kwenye 500, ambazo ndizo ISO 3664 (kiwango cha kimataifa cha mwanga wa kutazamia chapa) inazitaja kwa kutazama chapa katika mazingira ya kawaida, ni 140. Chini ya laksi 2000 za kibanda cha ukaguzi wa kina karatasi ileile inafika niti 560, na ndiyo maana huwezi kuweka monita kando ya kibanda kilichowashwa chote ukategemea vifanane, kibanda kinapunguzwa.

Meza nyingi za nyumbani na ofisini zenye tyubu moja ziko chini ya laksi 300. Kama yako iko hapo, skrini ya niti 120 inaizidi karatasi kwa karibu nusu ya hatua ya kamera (hatua moja ni mwanga mara mbili) au zaidi, na picha "zinatoka na giza". Printa imechapa sawasawa. Wewe uliihariri picha kwenye skrini yenye mwanga mwingi kuliko ule itakaotazamiwa.

i1Display Pro ina kifuniko cheupe cha kupimia mwanga wa chumba. Kigeuzie juu ya lenzi, kilaze kifaa pale karatasi inapokaa, usome laksi. Asiye na kifaa atumie kamera. Weka ISO 100 na f/4, upimaji uwe wa nukta ya katikati, karatasi tupu ijaze eneo la kupimia, fidia iwe sifuri, usome kasi ya shata inayopendekezwa. Namba ya chini ukiizidisha mara mbili unapata niti: 1/40 ni 80, 1/50 ni 100, 1/60 ni 120, 1/80 ni 160. Inatokana na mlinganyo wa mita za kamera wenye K (namba ya kudumu ya mita) ya 12.5, ambayo Canon na Nikon wanaitumia. Kamera moja inaweza kukosea kidogo, lakini kosa hilo halidhuru ukifanya hivi: pima karatasi, kisha geuza kamera kwenye skrini nyeupe tupu kwa mipangilio ileile, ushushe mwangaza wa monita mpaka kasi ya shata ifanane. Kosa la mita linajifuta lenyewe, kwa sababu limeingia pande zote mbili.

Sasa manjano. Soma namba iliyochapwa mwisho wa tyubu. Nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni 865. Tarakimu ya kwanza ni ubora wa rangi, 8 ikimaanisha Ra (alama ya ubora huo) kati ya 80 na 89. Mbili zinazofuata ni Kelvini, 65 ni 6500. Chini ya 865 karatasi yako ni nyeupe ya 6500, na skrini uliyoiweka 5000 lazima ionekane ya manjano kando yake. Hapo jicho linasema kweli. Una njia mbili za maana: weka skrini karibu na D65 na uendelee na tyubu hiyo, au nunua tyubu ya 950 na skrini iende D50. Ukiweza kupata 965 ni nzuri zaidi kuliko 865 kwa skrini ya D65, maana tatizo la 865 si Kelvini tu. Mwanga wake una mapengo, na rangi ya ngozi iliyochapwa inaweza kubadilika ukiitoa nje kwenye jua. Kwa hali yako ningebaki D65 na kutafuta tyubu ya 965, kwa sababu monita yako kwa asili iko 7000 na safari ni fupi.

Karatasi nazo zinatofautiana. Zenye ving'arishi hugeuza mionzi ya urujuanimno kuwa bluu, kwa hiyo dirishani zinaonekana na ubaridi kuliko chini ya LED isiyo na mionzi hiyo. Karatasi za pamba zisizo na ving'arishi zina rangi ya krimu kidogo. Ndiyo maana napenda kumalizia kwa jicho: fungua dirisha jeupe tupu kwenye skrini, shika karatasi unayoichapia kando yake chini ya taa yako, sogeza geini mpaka nyeupe mbili zikubaliane. Kisha pima x na y za skrini, uziandike, na hizo ndizo lengo la kalibresheni. DisplayCAL ina kihariri cha nukta nyeupe kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Kazi ya kolorimita baada ya hapo ni kuishika hiyo nukta isiteleze mwezi hadi mwezi.

Kuhusu 815:1, usipoteze usingizi. Chapa ya karatasi ya kung'aa yenye nyeusi ya densiti 2.3 (densiti ni kipimo cha weusi wa chapa) ina uwiano wa kama 200:1. Karatasi mati, isiyong'aa, yenye densiti 1.6 ni kama 40:1. Monita yako ina kontrasti mara nne ya chapa hiyo ya kung'aa, na kwa karatasi mati mara ishirini. Kama vivuli vinapotea kwenye chapa, kinachokosekana ni kutazama picha kupitia profaili ya ICC ya karatasi hiyo (faili linaloeleza rangi ambazo printa na karatasi vinaweza kutoa) kabla ya kuchapa, pamoja na chaguo la kuiga rangi ya karatasi. Fanya hivyo skrini nzima, bila paneli nyeupe za programu pembeni, la sivyo jicho linazoea zile paneli na picha yote inaonekana imefifia.

---

Mpima_Mwanga amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila kuna mambo mawili yanayowaangusha wengi na hayajaguswa.

La kwanza ni namba ya Kelvini. Usisawazishe kwa Kelvini. D65 ni x 0.3127, y 0.3290. Mwili mweusi (kitu cha kinadharia kinachong'aa kwa joto lake tu) wa Kelvini 6500 uko karibu x 0.3135, y 0.3237. Vyote viwili vinasomeka 6500, lakini cha pili kina waridi kikilinganishwa na cha kwanza, na tofauti hiyo inaonekana kwa macho kwenye skrini nzima nyeupe. Kelvini inakuambia kati ya manjano na bluu tu. Haisemi lolote kuhusu kijani na waridi. Mtu anaweza kushusha bluu peke yake mpaka isome 6500, akaacha kijani juu, akashangaa nyuso zote za watu zina ugonjwa. Weka lengo kwa x,y, na uangalie tofauti ya rangi, delta E, iwe chini ya 1 kwenye nyeupe.

Hapo hapo kuhusu D50: watu wanaiona D50 ndani ya profaili za ICC wanadhani monita nayo ni lazima iwe D50. Hiyo ni nyeupe ya hesabu za ndani, pale rangi zinapobadilishwa kutoka profaili moja kwenda nyingine. Programu inayoheshimu profaili inaipeleka nyeupe ya picha kwenye nyeupe ya monita yako, iwe D50, D65 au 0.308 na 0.325. Picha haiharibiki kwa kuwa monita ni D65. D50 ya ISO 3664 inahusu taa inayoangazia chapa. Ukiwa na taa hiyo, skrini inaifuata.

La pili ni marekebisho ya kolorimita kwa aina ya paneli. Kolorimita ina vichujio vinavyokaribia jicho la kawaida la CIE la 1931 (jicho la wastani la kihesabu lililowekwa na shirika la kimataifa la mwanga), havilingani nalo kabisa. Kosa linalobaki linategemea taa ya nyuma inatoa mwanga wa namna gani. LED nyeupe ya kawaida, LED zenye fosfa (kemikali inayogeuza rangi ya mwanga) nyekundu ya PFS za monita za rangi pana, LED za kijani na bluu zenye fosfa nyekundu, OLED: kila moja ina faili lake la CCSS kwenye orodha ya DisplayCAL. Ukichagua lisilo lako, nyeupe inaweza kuhama kwa delta E kadhaa na programu ikakuripotia kuwa kila kitu ni safi, kwa sababu inajipima kwa fimbo iliyopinda ileile. Kwa monita yako ya sRGB chagua lile la LED nyeupe.

Hata ukichagua vizuri, skrini mbili zenye mwanga tofauti zinaweza kusoma x,y sawasawa na bado zikatofautiana machoni, hasa moja ikiwa ya rangi pana. Jicho la kawaida la 1931 linajulikana kukadiria chini sehemu ya bluu-urujuani, na macho yetu wenyewe hayafanani. Mtu mzima wa miaka 60 ana lenzi yenye manjano zaidi ya kijana. Hapo usibishane na jicho. Chagua skrini moja iwe kiongozi, ipime kwa namba, ya pili ilinganishwe kwa jicho dhidi yake, kisha x,y zake ziandikwe kama lengo lake.

---

Kivuli_na_Nuru ameandika:

Asanteni sana wakuu. Tyubu imeandikwa 865 kweli. Laksi kwenye karatasi ni 290, yaani niti 81 kwa karatasi inayoakisi asilimia 88. Nimeweka D65 kwa x,y. Geini zimeishia 100/98/95, mwangaza wa menyu 27, niti 82, nyeusi 0.085, kontrasti 965:1. Mteremko wa kijivu umekuwa laini, na karatasi kando ya skrini sasa zinasemezana.

Yamebaki mawili. Niti 82 mchana dirisha likiwa wazi skrini inaonekana imekufa. Na laptopu ninayoitumia kama skrini ya pili haina RGB kabisa, ina vitufe vya mwangaza tu; niipeleke D65 kwa programu?

---

KaratasiMat amejibu:

Mchana: usipandishe skrini, dhibiti dirisha. Mwanga wa dirishani kwa kanda yetu unabadilika kutoka maelfu ya laksi saa sita mchana hadi karibu sifuri giza likiingia jioni, na rangi yake inabadilika nao. Hakuna kalibresheni moja inayofuata mabadiliko hayo. Pazia zito lisilo na rangi kali, meza ikae ubavu kwa dirisha, skrini isitazamane nalo wala kulipa kisogo. Ukuta wa nyuma ya monita ukiwa kijivu au nyeupe isiyo na rangi ni bora. Ukuta wa machungwa unaipaka karatasi rangi yake. Zima skrini utazame kioo cheusi: unachokiona kimeakisiwa pale ndicho kinachoinua nyeusi yako.

Kama pazia haliwezekani, tengeneza kalibresheni mbili, ya usiku na ya mchana, kwa kubadilisha mwangaza wa taa ya nyuma peke yake na kuacha geini hizohizo. Pima mchana uone laksi ngapi zinafika kwenye karatasi kwa wastani. Maamuzi ya chapa yafanye kwenye ile ya usiku.

---

FundiMonita amejibu:

Laptopu iache kwenye weupe wake wa asili. Bila geini, kila hatua ya kwenda D65 inafanywa na jedwali la kadi ya picha, na kama weupe wake ni 7300 hivi au una waridi, utaanza kuona zile ngazi tena. Kwenye DisplayCAL chagua nukta nyeupe "kama ilivyopimwa". Kwenye `dispcal` usiandike `-w` wala `-t`, maana chaguomsingi ni weupe wa asili. Rekebisha mwangaza na gama tu. Jicho likiwa kwenye skrini hiyo peke yake linauzoea weupe wake baada ya dakika chache. Linalokataa kuzoea ni skrini mbili bega kwa bega, kwa hiyo kwenye laptopu weka paneli za zana na orodha za faili, picha ibaki kwenye monita.

Ukitaka lazima zifanane, njia yenye hasara ndogo ni kinyume cha unachofikiria: ipeleke monita kwenye weupe wa laptopu, kwa kuwa monita ndiyo yenye geini. Ila hapo utakuwa umeuacha ule mpatano na karatasi, na kwa kazi ya kuchapa nisingefanya hivyo.

Kabla ya kuipima laptopu, chomeka chaja, kwa kuwa nyingi hushusha mwangaza zikiwa kwenye betri. Zima mwangaza wa kujirekebisha kwenye mipangilio ya Windows. Kisha ingia kwenye programu ya kadi ya picha: Intel wana teknolojia ya kuokoa umeme wa skrini, AMD wana Vari-Bright. Zote mbili zinabadilisha mwangaza kufuatana na kilichomo kwenye picha, yaani kipande cheupe na kipande cheusi vinapimwa chini ya taa tofauti. Dalili yake ni gama isiyotulia: ukirudia kipimo kilekile unapata jibu jingine.

Windows ina tabia ya kulitupa jedwali la kadi ya picha baada ya kompyuta kulala, kubadilisha kebo au mchezo wa skrini nzima. Kipakiaji cha profaili cha DisplayCAL kinakaa karibu na saa chini kulia na kulirudisha. Kiache kiwake na kompyuta. Kwa monita yako athari itakuwa ndogo hata jedwali likitupwa, kwa sababu nukta nyeupe iko kwenye menyu ya monita yenyewe, na kinachopotea ni yale mabaki tu.

Andika 100/98/95 na 27 kwenye kipande cha karatasi ukibandike nyuma ya monita. Pima upya kila mwezi: taa ya nyuma inafifia taratibu, kwa hiyo 27 itakuwa 29, baadaye 31, na hilo ni la kawaida. Ukiona niti zimehama, gusa mwangaza na ukague. Ukiona x,y zimehama zaidi ya 0.003 huku mwangaza uko sawa, kagua kwanza kama kuna mtu aliyebadilisha hali ya rangi au kama kolorimita imewekewa CCSS nyingine, kabla hujagusa geini.